Waya wa mlingoti umekatika maili 200 mashariki ya Pemba: tulivyoganga mpaka Kilifi

#1 Mtoto_wa_Kojani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni baharia. Nimezaliwa Kojani, Pemba, nimekulia kwenye mashua ya babu na dago (kambi ya uvuvi ya mbali) nimeanza kwenda sijaota ndevu. Miaka hii nafanya kazi ya kusafirisha yoti. Mtu ana chombo chake, anataka kukitoa huku akipeleke kule, mikono haimtoshi, ananipigia simu.

Safari hii tulikuwa watatu, mwenye chombo ambaye ni Mzungu wa miaka sitini na kitu, mkewe, na mimi. Yoti ya futi 40, mlingoti mmoja wa alumini. Tulitoka Aldabra tunakwenda Kilifi, mwezi wa saba, kusi (upepo wa kusini) limeshika barabara. Kwa wasioijua, Aldabra iko chini ya Ushelisheli, kufika kwake ni kwa kibali. Kuna kobe wakubwa kama meza na watu wachache wa uhifadhi, basi. Duka hakuna, fundi hakuna. Kutoka pale hadi Kilifi ni kama maili 500 za bahari, na ukishaviacha vile visiwa nyuma hupati hata fungu la kutia nanga.

Usiku wa tatu, saa tisa, zamu yangu. Nikasikia "ting". Kisauti kidogo tu, kama kijiko kimeanguka kwenye sinia. Nikajua ni jikoni, nikaendelea na chai yangu. Baada ya muda nikasikia kitu kinagonga mlingoti, kok, kok, kila chombo kikilala. Nikamulika tochi. Waya wa ubavuni wa kushoto, ule mrefu unaoshika kichwa cha mlingoti, unaning'inia na chini yake hamna kitu.

Sasa sikilizeni. Upepo ulikuwa unatujia kwa nyuma kushoto, kama noti 20 (noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa). Maana yake waya uliokatika ndio uliokuwa umebeba mlingoti. Wa kulia muda huo ulikuwa unastarehe tu.

Sikuita mtu kwanza. Nilikipeleka chombo mbele ya upepo kabisa ili mzigo upungue, nikavuta demani (kamba ya kuongozea tanga) ya tanga kubwa mpaka mti wake wa chini ukaja katikati, ndipo nikauhamishia upepo upande wa kulia taratibu. Waya wa kulia ukakaza, ukalia kidogo, mlingoti ukatulia. Hapo ndipo nikapiga kelele na mwenye chombo akatoka na taulo.

Kwa hiyo mlingoti tumeuokoa. Ila tazameni ramani. Kusi linatoka kusini mashariki. Ukilipokea kwa kushoto unakwenda magharibi, ambako ndiko kwetu. Ukilipokea kwa kulia unakwenda kaskazini. Chombo kilikuwa salama salimini, na kilikuwa kinakwenda Somalia, noti tano, na mkondo unasaidia kusukuma.

Hatuwezi kugeuka bila ule waya. Naendelea jioni, nina kazi bandarini.

#2 Pweza_Mkavu

Nimeshatandika mkeka. Mkuu usitufanye kama wale wanaoanzisha uzi wanapotelea.

#3 dizeli_master

Mimi swali langu dogo. Yoti ya futi 40 haina injini? Shusha matanga yote, washa, elekea Pemba. Mbona mnajitesa?

#4 Mtoto_wa_Kojani

@dizeli_master injini ilikuwepo, nzima. Tulikuwa na dizeli lita 130 hivi. Ile mashine inakula lita tatu kwa saa ukiipeleka taratibu, kwa hiyo hesabu inakaribia kutosha kama bahari imelala. Mwezi wa saba bahari hailali.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Ukishusha matanga yote, chombo kinakosa kitu cha kukiegemeza. Kinaanza kulala huku na huku kama mlevi, na mlingoti usio na waya upande mmoja unapigwa kama fimbo ya kuchapia. Tanga dogo lenye upepo upande mzima ni salama kuliko injini bila tanga. Babu alikuwa akisema chombo kitupu ndicho kinachovunja mlingoti.

Naendelea.

Tulichofanya usiku ule ule ni kuchukua henza (kamba ya kupandishia tanga) ya akiba. Kwenye yoti kuna kamba kadhaa zinazopita kwenye kapi kileleni na kushuka chini, mojawapo ni ya lile tanga puto la mbele ambalo hatulitumii kwenye kusi. Tukaipeleka ncha yake kwenye bamba la chuma la ubavuni kushoto, tukaifunga kwa pingu, tukaivuta kwa winchi mpaka ikalia. Hiyo tayari ni waya wa muda. Lakini henza ni kamba inayovutika. Ukiibana jioni, asubuhi imelegea. Inakupa usingizi wa saa mbili, haikufikishi nyumbani.

Kulipokucha tukaangalia mkato. Waya wenyewe ni wa chuma cha pua, milimita 8, umesokotwa nyuzi 19. Umekatikia chini, pale unapoingia kwenye kile kichwa cha chuma kilichobanwa na mashine. Nyuzi zilikuwa zimetawanyika kama ufagio wa chelewa. Nikazihesabu moja moja. 8 zilikuwa nyeusi kwa kutu, 11 zinang'aa.

Mwenye chombo akanyamaza muda. Nane zilishakatika siku nyingi. Tumetoka bandarini na waya wa nyuzi 11, na kuna mtu alilipwa kuukagua akasema uko sawa. Simtaji, na bandari siitaji.

Mzee akaleta kopo la klipu, zile za nati mbili na kipande cha duara chenye umbo la U. Akaukunja waya, akafunga klipu tatu, akaunga kwenye skrubu ya kukazia. Tukaanza kuvuta kwa winchi. Waya ukateleza upana wa kidole. Tukaacha, akakaza nati. Tukavuta tena, ukatoka wote, shwaa, nusura unichane uso.

Nikamwambia mzee, tuache chuma, nipe kamba, nitafunga kama tunavyofunga foromali (mti wa juu unaobeba tanga) ya mashua iliyovunjika, mizunguko mingi, kabari katikati. Akasema chuma hakifungwi kwa kamba. Tukabishana juu ya sitaha kama wauza samaki, na chombo bado kinakwenda Somalia.

Mkewe akatoka na vikombe vitatu. Akaziangalia klipu. Akasema, umezifunga kinyume.

#5 Fundi_wa_Waya

Hahaha. Huyo mama mpeni heshima yake.

Nipo Mtwapa, kazi yangu ni hizi nyaya, wacha nieleze kabla mleta uzi hajarudi. Klipu ina sehemu mbili. Kuna kitako chenye meno na kuna ile U. Kitako kinakaa upande wa waya unaobeba mzigo. U inakaa upande wa ncha iliyokunjwa, ile isiyobeba kitu. Ukizigeuza, U inauma waya unaofanya kazi na kuuvunja nguvu, na bado unateleza.

Na hata ukizifunga sawa, waya wa nyuzi 19 klipu haziupendi. Ni mgumu, unateleza kwa juu, hautaki kukunjwa. Klipu zimetengenezewa waya unaokunjika kirahisi, wa nyuzi nyingi. Kwa dharura tumia nne, zenye ukubwa wa waya wenyewe, na ukunje juu ya pete pana.

Kwa nini ulikatikia chini? Maji ya chumvi yanashuka na waya, yanaingia kwenye kile kichwa, yanakaa humo. Cha juu maji yanadondoka, cha chini ni kikombe. Chuma cha pua kinataka hewa. Kikifungiwa na maji ya chumvi mahali pasipo hewa, kinaliwa kwa ndani na nje kinang'aa kama sufuria mpya. Yule mkaguzi mwenzangu labda alitazama kwa macho tu. Mimi napitisha kipande cha tishu juu ya waya wote mpaka kwenye shingo. Uzi ukiwa umekatika, tishu inanasa. Halafu nachukua kioo cha kukuzia, naangalia kichwa chenyewe kama kina ufa.

Na waya ukishafika miaka kumi kwenye maji yetu haya, mimi sikai kuubembeleza.

#6 Mtoto_wa_Kojani

@Fundi_wa_Waya umeeleza vizuri kuliko mimi. Waya huo ulikuwa na miaka 14, tulijua baadaye.

Basi. Tukatafuta pete pana. Kwenye kamba ya nanga ya akiba kuna ile pete ya chuma yenye mfereji, inayokaa ndani ya jicho la kamba isilike. Tukaikata tukaichukua. Kabla hatujaukunja waya tukauviringishia uzi wa kushonea tanga ili nyuzi zisifumuke, tukaukunja watu wawili, polepole, mmoja anasukuma kwa goti. Klipu nne, vitako upande wa mzigo. Nati tukazikaza kwa zamu mpaka mkono ukagoma.

Tatizo jingine, waya umekuwa mfupi. Tumepoteza karibu shubiri mbili kwa kukunja. Haufiki tena kwenye skrubu. Hapa ndipo kamba yangu ilipopata kazi, mzee akakubali kwa shingo upande. Tulikuwa na Dyneema ya milimita 6, mita kama 20. Kama hujaishika, ni kamba nyepesi inaelea, ukiilinganisha na waya wa unene huo huo inaushinda nguvu. Nikaifunga fundo kwenye pete, fundo la babu, lililoshika majahazi toka enzi. Tukavuta. Likafunguka mbele ya macho yangu kama kamba ya kiatu cha mtoto.

Ile kamba ina utelezi wa mlenda. Fundo halishiki.

Mama akaichukua kamba, akaingia ndani, akarudi na kalamu ya bic. Akaitoa wino, akabaki na bomba. Akachomeka ncha ya kamba kwenye bomba, akalipitisha ndani ya kamba yenyewe (ile kamba ni tupu katikati), akalitolea mbali, karibu nusu mita kutoka jicho. Akavuta kamba ikajimeza. Akaniambia vuta. Nilivuta kwa mgongo. Ikivutwa ndivyo inavyojibana. Hakuna fundo hata moja.

Kutoka hapo ilikuwa kazi ninayoijua. Jicho kwenye pete ya juu, shuka kwenye pingu ya skrubu, panda, shuka, panda, mizunguko sita. Kila mzunguko tunaukaza kwa winchi kabla ya kwenda unaofuata. Mwisho nikaufunga kwa vifundo nusu nusu, vingi, vimelala pamoja, kwa sababu kimoja kinateleza lakini kumi havitelezi. Henza tukaiacha palepale, kama shahidi.

Saa nane mchana tukarudisha upepo kushoto. Nilisimama chini ya ule waya, sijui kwa nini, kama ungekatika ningekuwa wa kwanza kupigwa. Kamba ikalia, ikanyooka, ikanyamaza. Tukaelekea magharibi.

#7 Sharifu_wa_Shela

Assalaam aleykum wanangu. Mimi ni mtu mzima, kuandika kwa simu ni shida, mtanisamehe.

Huyu kijana amenikumbusha. Miaka ya sabini tulikuwa tunatoka Kiunga na mashua, tumepakia boriti za mkoko, tunashuka Lamu na kaskazi. Mbele ya Kiwayu mlingoti ukavunjika, kimo cha mtu juu ya sitaha. Ulikuwa umeoza chini ya kamba, mahali jicho halifiki. Tanga na foromali vyote majini.

Nahodha wetu hakusema neno. Akatuambia tuvute foromali ndani. Foromali, kwa wasiojua, haijawa mti mmoja. Ni miti miwili ama mitatu iliyounganishwa kwa kamba. Tukaifungua. Kipande kinene tukakisimamisha kando ya kisiki cha mlingoti, tukatia magango ya boriti pande nne kutoka kwa shehena yetu wenyewe, tukazungusha kamba ya makumbi kwa duru hata vidole vikatoka damu. Kisha kabari. Kabari ndizo kazi yenyewe. Kamba huvutika, ukiiacha gango linalegea, lakini ukipiga kabari chini ya kamba inakaza tena. Nilipewa kazi hiyo mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo. Usiku kucha na nyundo, napiga kabari, nalala kidogo, napiga.

Kipande chembamba kikawa foromali. Tanga tukalikunja nusu. Tuliingia Lamu siku ya pili, na tajiri akatukata pesa za boriti nne.

Jambo moja nataka kumwambia huyo Fundi. Sisi chombo hakikuwa na waya wa kudumu. Kamba zinazoshika mlingoti zinahamishwa upande wa joshi (unakotoka upepo) kila unapopindua. Kwa hiyo kila saa mtu anazishika kwa mkono. Hauwezi kuoza uzi nane bila mtu kujua.

#8 Fundi_wa_Waya

Mzee Sharifu shikamoo. Hilo la mwisho sina jibu lake, ni kweli tupu.

Ila vijana wasikuelewe vibaya wakaenda kufunga yoti kwa kamba ya makumbi. Mlingoti wa alumini umejengwa mwembamba kwa kuwa waya unaukaza. Makumbi yanavutika mno. Mlingoti wa mashua ni mti mnene, unaweza kusimama wenyewe kwa muda. Huu mwingine ukilegezewa upande mmoja unajikunja kama bomba la maji.

#9 Sharifu_wa_Shela

Marahaba mwanangu. Umesema kweli. Kila chombo na mwili wake.

#10 kapteni_kioo

Mimi naona hii ni chai ya maziwa. Kalamu ya bic imeokoa yoti? Na mke wa Mzungu ndiye fundi kuliko baharia wa Kojani? Weka picha.

#11 Bi_Ndubi

@kapteni_kioo kwa nini mke asijue? Baba yangu ana ngalawa Jambiani, tanga lake nani analishona? Mimi. Sindano ya magunia na mshipi wa kuvulia. Kiraka nakikata kwenye gunia la plastiki la unga, nalikunja ukingo mara mbili, nashona mkato wa kwenda na kurudi. Upepo ukilichana nje ya mwamba ndugu zangu hawanisubiri, wanafunga kwa kokoto: unaweka kijiwe kidogo kwenye tanga karibu na mchaniko, unakiviringisha na kitambaa, unafunga kamba shingoni. Umepata jicho pasipo jicho. Kamba haichani tanga kwa sababu kijiwe kinabeba.

Na mirengu ikilegea, au ndubi ikitaka kutoka (ile miti na mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke), tunafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa ukanda mrefu. Ule unavutika na kurudi, wimbi likipiga hauvunji kitu. Nyie wa yoti mnaweza kucheka lakini ukanda wa tyubu ungefaa kuviringishwa juu ya zile klipu zisikwaruze matanga.

#12 Mtoto_wa_Kojani

@Bi_Ndubi dada umepiga palepale. Tanga la mbele lilichanwa na nati ya klipu saa hiyo hiyo tulipogeuka. Tukaja kuviringisha soksi ya mzee na tepu. Tyubu ingefaa zaidi.

@kapteni_kioo picha sina, simu ilikuwa kwenye ndoo ya mchele inakaushwa. Chai hiyo inywe tu.

Naendelea na siku mbili zilizobaki, ambazo kwangu ndizo zilikuwa ngumu kuliko kufunga. Ukishaganga kitu baharini, kazi bado. Tanga kubwa hatukulipandisha tena, tulikwenda na la mbele tu, limekunjwa nusu. Mwendo ukizidi noti tano tunapunguza. Mzee alikuwa anauma meno, chombo chake kimezoea saba.

Nilichukua tepu ya fundi umeme, nikaweka mstari juu ya waya mara tu juu ya klipu ya mwisho. Tepu ikiachana na klipu, waya unateleza. Kila saa mmoja wetu anamulika. Usiku wa kwanza uliachana unene wa kucha. Tukalegeza mzigo, tukakaza nati zote nne. Fundi atawaambia, waya ukibeba mzigo unakonda kidogo, nati inayobana vizuri leo kesho inacheza. Baada ya hapo haukusogea tena. Kamba nayo nikaikaza kila alfajiri, mizunguko inapokuwa na umande.

Mkondo ndio uliokuwa unanikosesha usingizi. Mkondo wa pwani yetu kwenye kusi unakwenda kaskazini kwa nguvu, kuna mahali unapata noti tatu, hata nne. Mzee alitaka tuelekeze omo (pua ya chombo) Kilifi moja kwa moja kwenye mashine yake ya kuonyesha njia. Nikamwambia ukielekeza Kilifi utaamkia Malindi, na kurudi kusini na mlingoti wa kuganga hurudi. Tulenge Pemba. Mkondo utatupandisha wenyewe. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi, akalenga Pemba.

Asubuhi ya pili nchi kavu ikatokea. Nikaijua kabla ya ramani. Kojani. Minazi ya kwetu, maili nne hivi upande wa kushoto, mawimbi yanapasuka kwenye mwamba, hakuna namna ya kuingia na kusi lile na chombo kile, na kibali cha kuingia nchini hatuna. Simu (ilishakauka) ikashika mtandao. Nikampigia mama. Nikamwambia nipo hapo mbele, tazama nje. Akasema anaona weupe wa tanga au ni povu, hajui. Akauliza nimekula?

Saa ishirini baadaye tukasubiri kupambazuke nje ya mlango wa Kilifi, tukaingia na maji yakijaa.

#13 Mswahili_Muscat

Uzi safi. Mimi niko Oman, bibi zangu ni wa Unguja. Mliozungumza habari za kamba mnakumbuka ile Jewel of Muscat? Ni chombo kilichojengwa huku kwa kufuata merikebu ya karne ya 9 iliyokutwa imezama Belitung, Indonesia, mwaka 1998. Mbao zimeshonwa kwa kamba za mnazi, msumari hakuna, kama mtepe wetu wa zamani. Mwaka 2010 kilisafiri hadi Singapore. Njiani milingoti ilionekana ina nyufa, wakaibadilisha Galle, Sri Lanka, kwa kutafuta miti mipya. Mwili wote ni kamba, na kilichowasumbua ni mti.

#14 Mbeba_Chaza

Nami niongeze la Ufaransa ninakoishi, La Rochelle, mji wa matanga. Watu wa huku hawachoki kumzungumzia Yves Parlier. Mashindano ya kuzunguka dunia peke yako bila msaada, Vendée Globe ya 2000, mlingoti wake wa kaboni ulivunjika bahari ya kusini. Msaada ukipokea umetoka mchezoni. Akatia nanga kwenye kisiwa cha Stewart, New Zealand, hakushuka kupokea kitu cha mtu, akaunga vipande kwa gundi na kitambaa cha kaboni. Ile gundi inataka joto ili ikauke, na kule ni baridi. Akatengeneza joko la balbu za taa kuzunguka kiungo. Akasimamisha mlingoti peke yake, mfupi kuliko wa kwanza, akaondoka. Chakula kikapungua akawa anakula mwani. Akamaliza wa 13, siku 126.

Kwa hiyo @kapteni_kioo, balbu inaokoa yoti, sembuse kalamu ya bic.

#15 kapteni_kioo

Sawa, nimekubali yaishe. Mleta uzi, ukiwa na nafasi tuambie unabeba nini siku hizi ukienda safari kama hiyo. Nina rafiki anapeleka chombo Mayotte.

#16 Mtoto_wa_Kojani

Mwambie rafiki yako kwanza apande mlingoti akiwa bado bandarini, na tishu ya @Fundi_wa_Waya mfukoni. Sisi tulipofika Kilifi fundi wa pale alikagua upande wa kulia, ule uliotubeba usiku ule tulipogeuza. Kichwa cha chini kilikuwa na ufa. Akanionyesha kwa kioo, mstari mwembamba kama unywele, unaanzia mdomoni kushuka. Yaani tulihamishia mlingoti kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Kubeba: mimi nina begi langu mwenyewe, silitegemei la mwenye chombo. Dyneema ya milimita 6 mita 30 na nyingine nene ndefu kuliko waya mrefu kuliko yote chomboni, tayari ina jicho upande mmoja. Pete pana za chuma mbili. Klipu sita. Msumeno wa chuma na meno mengi ya akiba, kwa sababu mlingoti ukianguka kabisa majini unabaki umeshikiliwa na nyaya, unagonga ubavu mpaka utoboke, na hapo kazi ni kuukata haraka uende. Uzi wa kushonea tanga, sindano, tepu. Na siku hizi ukanda wa tyubu, asante Bi Ndubi. Kalamu ya bic zipo tatu.

#17 dizeli_master

Klipu ulinunua wapi? Nimeulizia madukani huku Tanga naonyeshwa za kufungia nyaya za nguzo.

#18 Mtoto_wa_Kojani

Hizo hizo ndizo nyingi sokoni, ni za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki, zikikaa kwenye waya wa chuma cha pua baharini zinaoza upesi. Kwa siku tano zinakufaa, usiziache mwaka. Nenda na sumaku ndogo. Ikinasa kwa nguvu, hiyo si ya pua, usilipie bei ya pua. Na pima ukubwa na kipande cha waya wako mkononi, usimwambie muuzaji namba tu.